Fundi Saa na Sabuni ya Marehemu Mkewe

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Fundi Saa alideki nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Ilikuwa na chumba cha kulala, sebule na jiko, ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Fundi Saa aliishi humo peke yake. Mkewe alifariki mwaka uliopita, baada ya kuugua wiki tatu tu. Mtoto wao mmoja, wa kike, alikuwa ameolewa mtaa wa mbali. Huyo binti alikuwa na mtoto mdogo mwenye alama nyeusi shavuni. Kwa ajili ya alama hiyo kila mtu alimwita Kidoti.

Zamani Fundi Saa hakuwa mtu wa kushika ndoo.

"Wewe tengeneza saa za watu," mkewe alikuwa akimwambia. "Sakafu niachie mimi."

Wageni wa msiba walipoondoka, Fundi Saa alifungua kabati la chini ya sinki. Akakuta chupa tano za sabuni ya maji. Mkewe alipenda kununua vitu kwa wingi. Akafungua chupa moja. Harufu ya limau ikajaa jikoni. Fundi Saa akasimama pale, kifuniko mkononi. Ilikuwa kama mkewe ametoka mara moja tu, anarudi sasa hivi.

Tangu siku hiyo alisafisha. Aliosha vyombo, hata vile ambavyo havikuwa vimetumika. Alideki asubuhi, akadeki tena jioni. Alifuta meza kwa vile vitambaa laini vya pakiti vinavyotoka vikiwa na unyevu. Sabuni hakuipima. Aliimimina nzito nzito juu ya tambara, akalikamua kwa mikono mitupu. Alitaka ile harufu ikae.

Miezi ikapita. Chupa zilipokwisha alinunua nyingine za aina ileile.

Kisha mikono ikaanza kuwasha.

Kwanza ilikuwa katikati ya vidole. Baadaye vikatoka vilengelenge vidogo vidogo. Ngozi ikawa nyekundu, ikakauka, ikapasuka. Fundi Saa aliona ni uchafu. Basi akaiosha kwa sabuni ileile, mara tano, mara sita kwa siku. Kadiri alivyoosha ndivyo ilivyozidi.

Meza yake ya kazi ilikuwa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Hapo alikaa na kibano chake, bisibisi zake nyembamba, na lenzi ndogo ya kubana jichoni. Skrubu ya saa ya mkono ni ndogo kama chembe ya mchanga. Vidole vyake sasa vilikuwa vigumu. Skrubu zikamponyoka. Alitumia muda mrefu chini ya meza, amepiga magoti, akizitafuta.

Siku moja mama mmoja alileta saa ya mumewe. Alipokuwa anamkabidhi, akaona ile mikono. Akairudisha saa kwenye mkoba.

"Nitapita siku nyingine, fundi."

Hakupita.

Jioni Fundi Saa alikuwa na mazoea ya kucheza drafti na rafiki yake, Seremala, kwenye karakana yake. Siku hiyo alisogeza kete yake kama kawaida. Seremala akachukua kitambaa. Akaifuta ile kete, taratibu. Kisha akacheza zamu yake.

Fundi Saa aliumaliza mchezo. Akaaga. Hakurudi tena.

Lakini lililomuuma zaidi lilitokea Jumapili. Binti yake alikuja kumsalimia. Mlango ulipofunguliwa tu, Kidoti alimkimbilia babu yake. Mama yake akamdaka mkono.

"Baba, usimshike kwanza," alisema kwa upole. "Mpaka tujue hiyo mikono ina nini."

"Nimeelewa, mwanangu."

Alielewa kweli. Angekuwa yeye, angefanya vilevile. Walikaa. Kidoti alikuwa kwenye kiti cha mbali, akimpungia babu yake mkono, naye akimpungia. Wakacheza mchezo huo wa kupungiana mpaka muda wa kuondoka ukafika.

Wiki iliyofuata binti alipiga simu.

"Baba, tuje Jumapili?"

"Msijisumbue. Nina kazi nyingi."

"Lakini u mzima?"

"Salama tu."

Kazi hazikuwepo. Wateja walikuwa wamepungua. Siku nyingine alikaa kibarazani tangu asubuhi bila mtu kusimama mezani pake. Ilifika siku msoma mita za maji akagonga, akamuuliza namba ya nyumba. Sauti ya Fundi Saa ilitoka imekwaruza. Ndipo akakumbuka kwamba hakuwa amesema na mtu tangu juzi.

Jumamosi moja aliamua kudeki korido nzima. Alikuwa ameinama na tambara lake pale mlango wa ngazi ulipofunguliwa. Akaingia jirani wa mlango wa pili. Alikuwa mama wa makamo, amehamia hapo miezi sita iliyopita. Alifanya kazi kiwanda cha sabuni, kwenye chumba cha vipimo, kwa hiyo majirani walimwita Mpimaji. Yeye na Fundi Saa walikuwa hawajawahi kuzungumza zaidi ya salamu.

Mpimaji alikanyaga hatua mbili. Mguu ukateleza. Akashika ukuta.

"Pole, mama!" Fundi Saa alisema. "Sakafu ina utelezi. Kosa langu."

"Shikamoo, mzee wangu. Sijaumia." Mpimaji akajiweka sawa, akaangalia povu lililotanda. "Lakini korido hii ni safi jamani! Nadhani hata mende wakifika hapa wanavua viatu."

Fundi Saa akacheka. Kicheko kilitoka kama kikohozi, maana kilikuwa hakijatumika siku nyingi.

Mpimaji hakucheka. Alikuwa amekwisha kuiona mikono.

"Na hiyo mikono, mzee?"

Fundi Saa akaificha nyuma. "Ni uchafu tu. Nausugua, hautoki."

"Hebu nione."

"Usishike. Inaambukiza."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Hao watu wamesomea wapi?"

Mpimaji akaweka begi lake chini. Akauchukua mkono wa kulia wa Fundi Saa, akaugeuza taratibu, akaangalia kiganja, akaangalia katikati ya vidole. Fundi Saa alitazama pembeni. Miezi mitatu ilikuwa imepita bila mtu kumshika mkono. Alikuwa amesahau kwamba mkono wa mtu una joto.

"Unatumia glavu?" Mpimaji aliuliza.

"Hapana."

"Na sabuni hii unaichanganya na maji kiasi gani?"

"Siichanganyi. Naimimina hivi hivi."

"Mzee wangu! Lebo inasema kifuniko kimoja kwa ndoo nzima."

"Herufi zenyewe kama sisimizi. Nani anazisoma?"

"Mimi. Ndiyo kazi inayonipa mkate." Akaiokota chupa, akaigeuza nyuma. "Unajua kwa nini sabuni hii haiozi?"

Fundi Saa alishangaa. "Sabuni nayo inaoza?"

"Ya maji inaoza. Mle ndani sehemu kubwa ni maji. Maji yakikaa, vijidudu vinaota, na ukungu unaota. Kwa hiyo tunatia dawa ya kuzuia kuoza. Inaitwa kihifadhi. Kimo kwenye sabuni za vyombo, za kufulia, za kudekia. Kimo kwenye vitambaa vya unyevu, na hata kwenye rangi za ukuta."

"Kumbe mnatuwekea sumu!"

"Subiri kwanza. Kinatiwa kidogo sana, na kina kipimo chake. Watu wengi hakiwadhuru. Kuna wakati pale kazini mtambo uliharibika, pipa moja likakosa kihifadhi. Baada ya wiki chache tulilifungua. Lilikuwa na utelezi kama kamasi, linanuka. Ungependa kuosha sahani ya mjukuu wako kwa sabuni hiyo?"

"Hapana."

"Basi kihifadhi kina kazi yake. Ila kuna watu wachache ambao ngozi yao inakikataa. Huo tunauita mzio. Na ukitumia sabuni nzito, kila siku, kwa mikono mitupu, unajitafutia."

Fundi Saa akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Marehemu mke wangu aliitumia hii hii miaka kumi. Haikumfanya kitu."

 Mpimaji alimtazama mzee, akaitazama chupa, akaelewa kidogo.

"Mimi napima sabuni, sipimi watu," alisema. "Nakuomba uende kliniki ya ngozi. Beba kila unachosafishia. Jumatatu sina kazi, ninaweza kukusindikiza. Na kwa sasa iache hii."

Fundi Saa alimshukuru. Lakini alipoingia ndani, hakuiacha. Alifunga mlango, akafungua kifuniko, akanusa. Angewezaje kuamini kwamba harufu ya jikoni kwa mkewe ndiyo inayomuumiza? Ilikuwa kama kusikia mkewe anasingiziwa. Akaosha vyombo vyote, kwa ukaidi, kama mtu anayetaka kushinda kesi.

Jumatatu Mpimaji aligonga. Fundi Saa alikaa kimya kitini mpaka nyayo zikaondoka.

Siku sita baadaye alikuwa kibarazani, anafunga mkanda wa saa ya mteja. Kidole cha shahada kikapasuka. Tone la damu likaanguka juu ya kioo cha saa. Mteja alikuwa amesimama mbele yake. Alirudi nyuma hatua moja.

Fundi Saa aliifuta saa. Aliomba radhi. Kisha akafunga vifaa vyake, akarudi nyumbani.

Alisimama mbele ya mlango wa Mpimaji muda mrefu. Aliinua mkono, akaushusha. Akauinua tena, akaushusha. Hakuzoea kuomba. Mwisho akagonga, kwa kifundo cha kidole kimoja ambacho hakikuwa kinauma.

"Mama," alisema mlango ulipofunguliwa, "Jumatatu bado huna kazi?"

"Bado sina," Mpimaji alijibu, wala hakumuuliza alikuwa wapi siku ile.

Daktari wa ngozi alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Fundi Saa alimwaga mfuko wake juu ya meza. Kulikuwa na sabuni ya vyombo, sabuni ya kudekia, pakiti ya vitambaa, sabuni ya maji ya kuogea, na kipande cha sabuni ya kufulia.

"Vizuri sana," daktari alisema. "Wengi huja mikono mitupu, wakaniambia ni sabuni ya kijani. Sabuni za kijani ziko mia." Akaiangalia mikono. "Huu ni ukurutu, mzee. Lakini sitaki kubahatisha. Nitakubandika vibandiko vidogo mgongoni. Kila kimoja kina kitu kimoja kidogo: manukato, rangi, kihifadhi. Utakaa navyo siku mbili bila kulowesha mgongo. Jumatano tunavibandua. Ijumaa naangalia tena."

Siku hizo mbili Fundi Saa hakudeki, maana aliogopa jasho. Nyumba ikawa kimya mno. Alisikia bomba likidondosha tone. Alisikia watu wa ghorofa ya chini wakicheka. Akawasha redio, akaizima. Hakujua mtu anafanya nini na asubuhi nzima.

Ijumaa daktari alimgeuza mgongo kwenye mwanga.

"Namba saba," alisema. "Imevimba, nyekundu. Nyingine zote ziko shwari. Mzee, tumekipata."

Akaandika neno kwenye karatasi: *methylisothiazolinone*.

"Hilo ni jina au ni treni?" Fundi Saa aliuliza.

Daktari akacheka. "Ni kihifadhi. Usilikariri lote, shika mkia wake tu: *thiazolinone*. Ndugu zake nao wana mkia huohuo. Ukiuona kwenye lebo ya kitu, kitu hicho kirudishe dukani."

"Lakini daktari, mke wangu alitumia sabuni hii miaka yote."

"Ngozi yake ilikubali. Yako imekataa. Mzio si lazima uanze siku ya kwanza. Unajijenga polepole, hasa ngozi ikiwa imechubuka na sabuni ikiwa nzito. Ukishaingia, kwa kawaida hautoki tena. Mkeo hakukosea, na wewe hukukosea. Ulikuwa hujui."

Fundi Saa aliinamisha kichwa. Mpimaji, aliyekaa kwenye benchi karibu na mlango, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Daktari aliendelea. Alimpa dawa ya kupaka mpaka uvimbe upungue. Alimwambia apake mafuta ya mgando yasiyo na manukato kila anaponawa. Anawe kwa sabuni ya kipande, maana hiyo haina maji mengi na mara nyingi haihitaji kihifadhi cha aina hii. Hata hivyo asome lebo. Kazi za maji azifanye na glavu zilizo kavu ndani. Na kama kitu hakina orodha ya vilivyomo, asikitumie mpaka aulize.

"Jingine, mzee?"

Fundi Saa alisitasita. "Inaambukiza?"

"Haiambukizi hata kidogo. Huwezi kumpa mtu mzio kwa kumshika."

"Unaweza kuniandikia hivyo?"

"Kukuandikia?"

"Ndiyo. Nikisema mimi hawataniamini."

 Daktari akachukua karatasi safi. Akaandika kwa herufi kubwa: UGONJWA HUU HAUAMBUKIZI. Akatia saini, akapiga muhuri. Fundi Saa akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

Jioni hiyo yeye na Mpimaji walipanga chupa zote juu ya meza ya jikoni. Fundi Saa alibana lenzi yake ya kazi jichoni. Zile herufi zilizokuwa kama sisimizi zikawa kubwa kama za bango.

"Hii ina mkia," alisema. "Na hii. Na vitambaa hivi pia. Sabuni ya kipande, haina."

"Mzee, ungefaa pale kiwandani," Mpimaji alisema. "Vijana wetu macho yao yote yako kwenye simu."

Fundi Saa akainua ndoo. "Nitamwaga zote. Au nizichanganye na dawa ya klorini, nisafishie choo mara moja ziishe?"

"La hasha! Dawa ya klorini usiichanganye na kitu chochote isipokuwa maji. Inaweza kutoa hewa ya sumu. Tena sabuni hizi hazijaharibika. Ngozi yangu haina ugomvi nazo. Nipe mimi, nitazitumia kwa kipimo."

Fundi Saa alimkabidhi chupa moja moja. Ile ya mwisho aliishikilia kidogo.

"Harufu hii," alisema, "ni ya mke wangu."

"Nilijua," Mpimaji alisema. Akasubiri. Hakunyoosha mkono kuichukua mpaka Fundi Saa alipoiachia mwenyewe.

Wiki ya tatu mipasuko ilianza kufunga. Wiki ya saba skrubu hazikumponyoka tena. Fundi Saa alikwenda karakana kwa Seremala, akaweka karatasi ya daktari juu ya ubao wa drafti. Seremala aliisoma mara mbili. Uso ukambadilika.

"Nilikosea, ndugu yangu," alisema. "Niliogopa, nikashindwa kukuuliza."

"Na mimi nilishindwa kukuambia. Panga kete."

Mikono ilipona haraka kuliko moyo. Sasa Fundi Saa alideki mara mbili kwa wiki, kwa maji mengi na sabuni kidogo, glavu mkononi. Asubuhi zilizobaki zilikuwa ndefu. Nyumba haikuwa na harufu ya limau. Siku nyingine alikaa jikoni akamlilia mkewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya sawasawa tangu msiba. Tambara na ndoo havikuwa vimempa nafasi.

Ndipo akampigia binti yake, bila kungoja apigiwe.

"Jumapili mje," alisema. "Karatasi ya daktari ninayo. Unaweza kuisoma mlangoni kabla hujaingia."

Binti hakuisoma. Alipofika alimwachia Kidoti tu, naye akaruka mzima mzima mikononi mwa babu yake. Fundi Saa alimbeba mpaka mezani. Akamkalisha mapajani, akammiminia maziwa. Kidoti akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakipindua chote. Maziwa yakatiririka mezani, yakadondoka sakafuni.

Binti akaruka kutafuta tambara. Baba yake hakuinuka.

"Yaache kwanza," alisema. "Kaa."

"Wewe, baba? Wewe wa kudeki mara mbili kwa siku?"

"Nilikuwa nadeki kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Nilipokuwa nasugua sikukisikia kimya hicho. Mikono iliuma, lakini kimya kiliuma zaidi."

Binti yake alisimama na tambara mkononi, lisilo na kazi. Macho yakamjaa maji.

"Mbona kila nikipiga simu uliniambia salama tu?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba nyumba ni safi mno?"

Binti akavuta kiti, akaketi karibu na baba yake, magoti yao yakagusana. Akaushika mkono wake uliopona.

"Basi niambie sasa," alisema. "Tangu mama aondoke. Anza mwanzo, sina haraka."

Fundi Saa alifikiri kidogo. Akamweka Kidoti vizuri mapajani, akavuta pumzi, akaanza kumwambia.